Matembezi na Mbwa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Yanachapwa hapa karibu kama yalivyosemwa, kwa maombi ya wale waliokosa kufika.)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, wanachama wenzangu, nanyi vijana mnaoyakalia leo madawati tuliyoyachora majina yetu:

Nilipopata barua ya kuniomba niseme nanyi, nilidhani nitatakiwa niseme juu ya ufugaji bora, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. La hasha. Kumbe walioomba ni vijana wa chama cha matembezi cha hapa shuleni, na walichoomba ni kuelezwa jinsi ya kupanga siku ya kutembea milimani pamoja na mbwa. Wameona mbwa wawili wa mlinzi wanalala tu mchana kutwa, na milima ya Uluguru iko hapo nyuma ya mabweni, basi wakafikiri mambo hayo mawili yanaweza kukutanishwa. Mwenyekiti ananiambia kuwa kamati ilipoisoma barua yao ilicheka sana. Mimi sikucheka, na sababu yake mtaisikia.

Wenzangu wa miaka ile mtamkumbuka Maharage. (Naona mzee mmoja pale nyuma ameanza kutikisa kichwa.) Vijana, nilipoingia Kidato cha Kwanza mwaka 1976 nilimkuta hapa mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limekatika, asiye na mwenyewe. Alilala nyuma ya jiko, na alikula alichokula mwanafunzi, yaani maharage, wadudu wakiwemo. Jina alilipata hapo. Siku za Jumamosi tulipopewa ruhusa ya kwenda kutembea, Maharage alikuwa wa kwanza kufika getini. Hakuna aliyemwita, wala hakuna aliyemkataza. Tulipanda kwa njia ile inayofuata Mto Morogoro, yeye mara yuko mbele, mara yuko nyuma, mara hayupo kabisa. Tulipokwisha kumsahau tulimkuta amelala ndani ya kijito, maji yamemfika kidevuni, anatutazama kama mjumbe aliyetangulia kufika kwenye mkutano. Jua likizidi aligeuza na kurudi zake shuleni bila ya kuaga. Sisi tulirudi saa tisa tumekauka midomo, tukamkuta nyuma ya jiko anapiga usingizi.

Kwa miaka minne nilijifunza kwa Maharage kwamba mbwa hahitaji kupangiwa safari. Mbwa anajua mambo yake. Nilitoka na somo hilo hapa shuleni pamoja na cheti changu, na nilikaa nalo miaka kumi na zaidi.

Mwaka 1991 nilikuwa bwana mifugo kijana, nina pikipiki ya kazi na nyumba ya vyumba viwili hapa mjini. Mzungu mmoja aliyekuwa anamaliza mkataba wake aliniachia mbwa, jina lake Jeki. Alikuwa wa aina ile ambayo watu huiita mbwa wa polisi: mkubwa, mwenye manyoya mengi shingoni. Jeki alizoea kushinda uani chini ya mpera na kuamka jioni. Mwezi wa Februari nikapata wageni kutoka Dar es Salaam, marafiki zangu watatu na wake zao wawili, nikataka kuwaonyesha Morningside, ile nyumba ya zamani ya Wajerumani iliyo juu mlimani. Tulipanga kila kitu. Tuliandika kwenye karatasi nani atabeba mkeka, nani pilau, nani soda, nani redio. Kwa Jeki tuliandika kitu kimoja tu: kamba.

Tulikusudia kuondoka alfajiri, lakini wageni ni wageni. Tulianza kupanda saa nne. Ninyi wenyeji wa hapa mnalijua jua la Februari kabla masika hayajafika, na mnajua kuwa njia ile ina sehemu ndefu zisizo na mti hata mmoja. Tulipofika nusu ya njia Jeki alikuwa akitweta kwa nguvu, ulimi umetoka nje na kupanuka. Chini ya mwembe mmoja akakaa kitako. Nikaivuta kamba. Hakuinuka. Wenzangu walikuwa wakitazama, na mmoja akatania kwamba mbwa wa Kizungu hawezi mlima wa Waluguru. Nikaivuta tena, nikacheka, nikasema, "Twende bwana, acha uvivu." Akainuka. Ndugu zangu, nimekuwa na miaka mingi ya kufikiri juu ya kule kuinuka kwake. Hakuinuka kwa sababu aliweza. Aliinuka kwa sababu niliita.

Baada ya robo saa akaanza kupepesuka kama mlevi, akatapika povu, akaanguka ubavu. Maji yaliyobaki yalikuwa chupa moja. Tulimmwagia, halafu tukamlaza juu ya khanga ya mke wa mwenzangu, wanaume wanne tukashika pembe zake na kuteremka naye kwenda mtoni. Alikufa kabla hatujaufikia mto, kama saa sita na nusu. Niliazima jembe kwa mkulima aliyekuwa akipalilia kabichi karibu na pale. Yule mkulima alisimama akaniangalia nikichimba, halafu akaniuliza, "Kwani alikuwa mgonjwa?" Nikamwambia hapana, alikuwa mzima.

Haya nimewaambia wachache sana, na sababu ni aibu. Nilikuwa nina cheti cha mifugo. Ningeweza kuwaeleza joto la ng'ombe, joto la mbuzi na joto la kuku. Ningepita na kumkuta mtu mwingine anafanya nilivyofanya, ningemkaripia.

Basi nirudi kwa Maharage, maana wengine mtauliza: mbona yeye alipanda mlima ule ule kwa miaka minne na hakufa? Maharage hakuwa na kamba. Aliposikia joto alikwenda kijitoni, na alipochoka alirudi jikoni. Safari yake aliipanga mwenyewe, kila hatua. Siku unapomfunga mbwa kamba shingoni, au hata ukimfundisha tu kufuata sauti yako, unamnyang'anya kazi hiyo, na kazi uliyomnyang'anya inakuwa yako. Nami siku ile niliichukua kamba, kazi nikaiacha nyumbani.

Sasa tuseme juu ya joto lenyewe. Binadamu hutoka jasho mwili mzima, nalo jasho likikauka humpoza. Mbwa hana bahati hiyo. Hutoka jasho kidogo sana, kwenye nyayo zake tu, na namna yake hasa ya kujipoza ni kutweta. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39 hivi. Likipita 41 yuko hatarini, na mambo huharibika upesi. Mbwa mnene, mbwa mzee, mbwa mwenye manyoya mengi, na hasa mbwa mwenye pua fupi, hawa huchemka mapema zaidi. Dalili zake ni hizi nilizoziona na kuzidharau: kutweta kusikotulia hata akipumzika, mate mazito, ufizi mwekundu sana, kukaa kitako na kukataa kwenda. Ukisubiri mpaka apepesuke, umechelewa. Akikaa kitako, nawe kaa. Mweke kivulini, mmwagie maji tumboni, mapajani na kwenye nyayo, mpepee, mpe maji ya kunywa kidogo kidogo asipaliwe, kisha safari imekwisha kwa siku ile. Wala msione haya kurudi. Mlima hauhami.

Kwa hiyo jambo la kwanza katika mpango wenu liwe saa. Mimi huondoka saa kumi na mbili asubuhi na kuhakikisha kuwa saa nne tumekwisha kuteremka, au tumeketi mahali penye mti na maji. Jioni pia ni nzuri, ila kwanza wekeni kiganja juu ya lami au mwamba mhesabu mpaka saba. Mkishindwa kuvumilia, na nyayo za mbwa zitashindwa. Yeye hana viatu.

La pili ni maji. Mbwa wa kilo ishirini aliyeketi nyumbani huhitaji zaidi ya lita moja kwa siku. Akitembea, mfanyieni maradufu. Asibebe mtu mmoja kwa kuwa "wewe ndiye mwenye mbwa". Agawiwe kijana maalumu, tena kidumu cha mbwa kiwe na bakuli lake. Msitegemee vijito. Vingine hukauka, na vile visivyokauka vina wenyewe, jambo ambalo nitalirudia.

Chakula si neno kubwa. Mpeni kidogo alfajiri na mwacheni atulie kabla ya kuanza, maana mbwa aliyeshiba sana akikimbia tumbo laweza kujaa upepo na kujisokota, nako ni kufa. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kama vijiti vya sindano, msimpe. Vitunguu, zabibu na chokoleti ni sumu kwake, hata akiwatazama kwa macho ya yatima.

Wale wenzangu mnaokuja na magari, msimwache mbwa ndani ya gari juani, hata kwa kusema naingia dukani mara moja. Dakika kumi zinatosha kupandisha joto la ndani kwa nyuzi kumi. Nanyi vijana msio na gari, makondakta wa daladala hawatawapokea, na wana haki yao. Tembeeni, au elewaneni na mwenye bajaji mapema, kabla hajamwona mbwa. Akimwona kwanza, bei hupanda.

Msinielewe vibaya. Sikuja kuwatisha muwaache mbwa wakilala. Katika mambo yaliyonipa furaha maishani, Jumamosi za asubuhi na mbwa zina nafasi yake. Baada ya Jeki nilikaa miaka mingi bila mbwa. Halafu mwaka 2014 jirani akaniletea kijibwa jike cha kienyeji, hakina hata mwezi wa tatu, nikamwita Sikitu, kwa kuwa mke wangu alipouliza kumetokea nini nilijibu, "Si kitu." Sikitu alijua siku ya Jumamosi kwa sauti ya zipu ya begi langu. Nilipolifungua tu aliruka, akazunguka nyumba mara mbili, akaja kukaa mlangoni akitetemeka mwili mzima kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

Tena kuna kosa ambalo vijana hulifanya, la kudhani kwamba mbwa hufurahi kwa kukimbia tu. Mbwa huishi puani. Mwacheni anuse. Nusu saa ya kunusa kichaka kimoja baada ya kingine humchosha na kumridhisha sawasawa na mbio ndefu. Wajukuu zangu wana mchezo wao: mmoja hujificha nyuma ya mgomba, mwingine humpa Sikitu kofia ya aliyejificha ainuse, kisha humwambia "Tafuta!" Utaona kichwa kinashuka, mkia unasimama, na watoto wanashindwa kujizuia kucheka huko mafichoni. Mchezo huo hauna gharama. Baba yangu mkubwa alikuwa na mbwa wa kuwinda nguruwe walioharibu mashamba, akawavalisha njuga ili awasikie walipo ndani ya magugu. Niliukumbuka ujanja huo, nikamfunga Sikitu kengele ndogo ya mbuzi. Tangu hapo nikijua yuko wapi, na kima nao hujua, hukimbia mapema.

Nimetaja kima. Hao si wabaya, lakini nyani dume ni mwingine kabisa. Ana meno ya kumpasua mbwa, na mbwa kwa ujinga wake humkimbilia. Mkiwaona nyani, kamba fupi. Siafu nao, hasa wakati wa mvua: mbwa hupita katikati yao, huanza kucheza dansi, na kuwatoa mmoja mmoja kati ya vidole vyake ni kazi yenu. Upupu mtauepuka kwa macho. Ila mbwa hapiti na macho, hupita na manyoya, halafu huja kujisugua kwenye miguu yenu. Swila akimtemea machoni, mwosheni kwa maji mengi sana bila kukoma. Kifutu akimuuma, mbebeni asitembee, mkimbieni kwa daktari wa mifugo. Jioni mkirudi mkagueni kupe: masikioni, kwapani, kati ya vidole.

Na porini kule chini, upande wa Mikumi, kuna ndorobo, ambao huwapa mbwa ugonjwa wa nagana, na macho yao hugeuka kama maziwa. Hata hivyo huko hamtakwenda na mbwa. Hifadhi za taifa haziruhusu mbwa, na vijana wengi hudhani ni ukali wa bure. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliingia Serengeti, ukaua simba wapatao 1,000, karibu theluthi moja ya simba wote wa kule. Wataalamu waliufuatilia mpaka kwa mbwa wa vijiji vya jirani. Wale mbwa hawakumwuma simba yeyote. Ilitosha ugonjwa kuvuka mpaka. Hata juu hapa, sisi huishia penye mashamba. Msitu wenyewe wa hifadhi tunauachia wenyewe, maana mle mna ndege na viumbe ambao duniani kote hawapatikani ila Uluguru, na mbwa hajui thamani ya kiota.

Sasa wenyeji. Njia mnayopita ni ya watu. Pande zote mbili kuna matuta ya mboga yaliyochimbwa kwa mkono kwenye mteremko mkali, na mbwa mmoja aliyefurahi huweza kuharibu kwa dakika moja kazi ya mwezi. Kamba ishikwe penye shamba, penye kuku, penye mbuzi na penye mtoto. Tena wengi wa wenyeji wetu ni Waislamu, nami nilizaliwa katika nyumba ya Kiislamu, kwa hiyo najua ninachokisema. Mbwa wa kulinda na wa kuwinda hajakatazwa, na katika Kurani, Sura ya Al-Kahf, wale vijana waliolala pangoni walikuwa na mbwa wao. Lakini mate yake ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mkimwacha mbwa aingie mahali mama anapochota maji, au amguse mzee anayekwenda kuswali, mmemtwika mtu kazi asiyoitafuta. Ndiyo sababu nikasema vijito vina wenyewe. Mnywesheni kwenye bakuli lake, na akitaka kuoga, iwe chini ya mahali pa kuchotea, baada ya kuuliza.

Nimefika kwenye jambo ambalo nisingependa mlisahau hata mkisahau mengine yote.

Mwaka 2018, Jumamosi moja, nilikuwa nateremka na Sikitu. Nikaketi kwenye jiwe kula chapati, kamba nimeikanyaga kwa mguu. Mtoto wa kiume wa miaka kama sita akaja nyuma yetu kimya kimya. Sikumwona. Nilikuwa nimempa Sikitu kipande, na yule mtoto kwa mchezo akanyoosha mkono akikamate. Sikitu akamng'ata mkono. Hakumng'ang'ania, lakini damu ilitoka. Mbwa ambaye kwa miaka minne hakuwahi kumwuma hata paka.

Bibi yake mtoto alitoka nyumbani mbio. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia marahaba, maana adabu ni adabu, kisha akasema, "Mbwa wako amemuua mjukuu wangu."

Hakuwa anatia chumvi. Yule bibi aliwahi kuuguza ndugu yake aliyekufa kwa kichaa cha mbwa. Aliona mtu mzima anavyopiga kelele akiletewa kikombe cha maji. Ugonjwa ule hukadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na dalili zikishaanza hakuna dawa. Kabla ya dalili ipo. Kwanza ni sabuni na maji. Ninayo sabuni ya kipande kwenye begi siku zote. Tuliuosha mkono wa mtoto kwa maji yanayotiririka dakika kumi na tano kwa saa, na mtoto alilia dakika zote kumi na tano. Halafu nikaitoa kadi ya chanjo ya Sikitu, iliyokuwa na miezi mitano. Bibi hakujua kusoma. Akamwita kijana wa jirani aisome kwa sauti, tarehe na yote.

Tukaenda kutafuta sindano. Mahali pa kwanza hazikuwapo. Mahali pa pili zilikuwapo, na daktari akasema sawasawa na nilivyojua: mtoto aanze sindano, na mbwa afungiwe na kuangaliwa siku kumi, akiwa mzima baada ya siku kumi, hakuwa na ugonjwa wa kuambukiza siku ile alipouma. Nililipa mimi, na sikuona kuwa ni wema, ni deni.

Bibi akakataa habari ya kufungiwa kwangu. "Nitajuaje kama hukumzika usiku ukaleta mwingine anayefanana naye?" Akataka amwone kwa macho yake. Basi siku kumi mfululizo, jioni, nilipanda na Sikitu kwa kamba fupi mpaka mwanzo wa shamba lake, tukasimama mbali. Bibi alitoka, akamtazama, akamtaka anywe maji mbele yake, kisha akahamisha punje moja ya mahindi kutoka kikombe kimoja kwenda kingine. Siku ya nane yule mtoto alimrushia Sikitu kipande cha kiazi kutoka mlangoni. Siku ya kumi punje zilikwisha. Bibi alikaa chini penye kizingiti, akafunika uso kwa khanga, hakusema neno kwa muda mrefu. Nami sikujua niseme nini, nikasimama tu.

Fikirini kadi ile isingekuwapo. Chanjo ya mbwa ni ya mara moja kwa mwaka na ni jambo la dakika mbili. Pemba walichanja mbwa mpaka ugonjwa ukaisha kisiwani. Ukaingia tena mwaka 2016, wakachanja tena, ukaisha tena. Si kazi ya miujiza. Kwa hiyo katika chama chenu sheria iwe moja isiyojadiliwa: mbwa asiye na kadi haanzi safari. Akiwa ni wa Mwenyekiti, asianze. Akiwa ni wa kwangu, asianze.

Maana naona kijana mmoja ameinua mkono tangu zamani, nadhani anataka kuuliza juu ya wale wa mlinzi. Wamechanjwa wiki tano zilizopita. Kadi nimeziona, na moja imeandikwa jina "Afande". Mpango wenyewe ni huu. Jumamosi ijayo tukutane getini saa kumi na moja na nusu, tuondoke saa kumi na mbili kamili. Atakayechelewa atatukuta tumerudi. Mlinzi atakuja, kwa kuwa mbwa wake wanamsikiliza yeye, na ninyi hawajawazoea. Kila mbwa atakuwa na kijana wa kushika kamba na kijana wa kubeba maji, nao watabadilishana penye mwembe wa kwanza. Sabuni, bakuli na kengele nitaleta mimi. Hatutafika Morningside safari hii. Tutaishia pale mashamba yanapokwisha, na mbwa yeyote akikaa kitako kabla ya hapo, hapo ndipo tulipofika.

Sikitu naye atakuwapo. Amezeeka, pua imekuwa nyeupe, na miguu ya nyuma haimtii. Zipu ya begi bado anaisikia. Mimi na yeye tutakwenda nanyi mpaka kwenye kijito kile cha chini, ambapo Maharage alikuwa akilala, na tutawasubiri hapo mpaka mteremke.